Moja, Mbili, Tatu, Mlango

Habari hii nilipewa na mdogo wangu Petronila, mwezi wa saba mwaka 1987, hapa Rhotia, tukipura maharage yangu. Alikuja kunisaidia siku tatu. Siku ya kwanza hakusema kitu. Siku ya pili alinisimulia nusu, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Sikumwita. Siku ya tatu akamalizia. Ninaandika kama alivyosema, ila pale alipolia sikuandika kilio.

Mambo yenyewe yalitokea mwaka 1982, wakati sukari ilikuwa ya kupanga foleni na sabuni ya kukatwa vipande. Petronila alikuwa mtumishi wa nyumba kwa Marseli, kule upande wa Oldeani. Marseli alianza kama karani katika shamba la kahawa. Mzungu alipoondoka na shamba likawa la umma, Marseli akapanda hadi meneja msaidizi, akapewa nyumba ya Mzungu aishi na mke wake Valeria, binti yao Imelda, na baba yake mzazi, Mzee Alfonsi, ambaye alikuwa kipofu.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya mawe, bati jekundu lililopauka. Pampu ya maji ilikufa mwaka wa pili na choo cha ndani kikafa nayo, wakachimba cha shimo nje, nyuma ya mikaratusi. Lakini sebule ilikuwa vile vile Mzungu alivyoiacha. Kuta zilivalishwa mbao kuanzia sakafuni hadi kiunoni, mbao za mtarakwa zilizokuwa nyekundu zamani na sasa zimekuwa nyeusi kama sufuria la kuni. Juu ya mbao hizo ulipita mkanda wa mbao, upana wa kiganja, umezunguka chumba chote. Juu ya mkanda, chokaa iliyogeuka njano kwa moshi wa miaka mingi.

Mbao zile alizipiga Mzee Alfonsi mwenyewe, alipokuwa kijana na macho yake mazima. Alikuwa fundi seremala wa kuitwa kutoka Mbulu hadi Loliondo. Mzungu alipenda vitu vinavyolingana, kwa hiyo sebule ilijengwa pacha: ukisimama kona hii, ukuta uko kuume kwako, unatembea hatua tisa, unakuta mlango wa veranda. Ukisimama kona ya mkabala, ukuta uko kuume kwako, hatua tisa, unakuta mlango wa stoo. Milango sawa, vitasa sawa, na kote kuna ngazi moja ya kushuka. Vipande vya mkanda navyo vilifanana. Ili visichanganyike wakati wa kuvipigilia, Alfonsi alivikata alama kwa patasi upande wa chini, pasipoonekana. Upande wa veranda moja hadi tano. Upande wa stoo sita hadi kumi. Ndiyo desturi ya mafundi wa zamani, kila kipande kirudi kwenye ukuta uliopimwa nacho.

Miaka thelathini baadaye ugonjwa wa vikope ulimla macho, na alama zile zikawa ndiyo macho yake. Aliinuka kwenye kiti chake cha konani, akapitisha vidole chini ya mkanda, moja, mbili, tatu, mlango. Akitoka verandani alishika waya alioufunga yeye mwenyewe toka nguzo ya veranda hadi mlango wa choo. Alikwenda na kurudi bila kumwambia mtu. Na hilo ndilo jambo pekee alilokuwa nalo duniani. Petronila alimsikia mara nyingi akisema:

"Siku nitakayoongozwa mkono kwenda chooni kama mbuzi anayepelekwa mnadani, siku hiyo nichimbieni shimo mniingize."

Sasa msije mkamwonea huruma mapema. Mzee Alfonsi alikuwa na ulimi mbaya. Vidole vile vile vilivyosoma alama vilisoma vumbi pia. Valeria alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alitoka alfajiri na kurudi jioni, na mzee alingoja hadi wageni wakae, chai imiminwe, ndipo apitishe kidole juu ya mkanda na kukiinua.

"Mwalimu," anasema, maana hakumwita mama wala binti, "hiki ni nini?"

"Vumbi, baba."

"Nilidhani ni chaki. Nikasema labda siku hizi mnafundishia ukutani."

Wageni wanacheka. Valeria anacheka nao, meno tu.

Siku moja walikuja akina mama wa jumuiya, sita, na mmoja wao alikuwa mke wa mwalimu mkuu. Mzee aliinua kidole, akakinusa, akasema, "Mke wangu marehemu hakusoma hata darasa moja. Lakini alikuwa anajua kitambaa kinashikwaje." Kisha akamgeukia yule mke wa mwalimu mkuu kama anayemwona. "Mama, na wewe umesoma?"

"Kidogo, mzee."

"Basi pole kwa mumeo."

Petronila anasema Valeria alienda jikoni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akakaa hivyo hadi chai ya kuongeza ikapoa.

Basi mwaka ule Imelda alikuwa apate kipaimara, Jumapili ya Pentekoste, na sherehe ilipangwa nyumbani. Valeria akasema hapokei wageni ndani ya chumba kile.

"Nakaa kwenye jeneza, Baba Imelda," alimwambia mume wake. "Mbao nyeusi huku, mbao nyeusi kule. Watu wa mjini wana kuta nyeupe, wana sofa, wana mwanga. Sisi tunaishi na maiti ya Mzungu."

Marseli alikuwa mtu wa kukubali. Alimkubalia mke asubuhi, akamkubalia baba jioni. Alipata mifuko miwili ya saruji kwa njia anazozijua yeye, na galoni mbili za rangi ya krimu zilizopitishwa Namanga kichochoroni. Halafu akaenda kumweleza baba yake.

"Mbao hazitoki," alisema mzee.

"Baba, zimezeeka."

"Na mimi nimezeeka. Nitoe basi, unipake rangi."

Valeria ndiye aliyemaliza ubishi. Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha mzee, akasema kwa sauti ambayo Petronila hakuwahi kuisikia, laini kama ya mtu anayemlisha mgonjwa.

"Baba, mbao za chini tunazitoa kwa sababu zimeliwa na mchwa. Lakini mkanda wako haupotei. Tunaushusha, unapigwa randa kidogo, unapakwa rangi, unarudi pale pale. Nakuahidi mbele ya mwanao."

Mzee aliinua mkono, akaupapasa mkanda. Kisha akasema, "Nani ataushusha?"

"Rafaeli."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Rafaeli wa mikono ya ugali!"

Rafaeli naye nimweleze. Alikuwa fundi pale Karatu mjini, mtu wa miaka hamsini na kitu, na ufundi alijifunza kwa Mzee Alfonsi. Mwaka wake wa pili wa kujifunza alikata ubao mmoja wa mtarakwa ukawa mfupi kwa vidole viwili. Ubao mmoja. Alfonsi aliutoboa, akautia kamba, akamvisha shingoni, akamtembeza siku nzima katika mnada wa kila tarehe saba, katikati ya ng'ombe na watu, akitangaza, "Tazameni, huyu ndiye fundi wenu, pimeni wenyewe!" Wamasai walioleta ng'ombe kutoka Ngorongoro walicheka ingawa hawakujua kinachochekwa. Mchumba wa Rafaeli alikuwepo mnadani akinunua chumvi. Hakuolewa naye.

"Mwache aje," alisema mzee. "Mwambieni asome alama. Hata mjinga anaweza kuhesabu hadi kumi."

Juma la mwisho kabla ya Pentekoste, mzee alihamishiwa banda la jikoni kwa sababu ya vumbi la saruji na harufu ya rangi. Choo kilikuwa karibu na banda, akashika ukuta tu, hakuhitaji waya. Hakuingia sebuleni hata mara moja. Alisikia nyundo, akalalamikia nyundo. "Anapiga msumari kama anayeua nyoka," alisema.

Rafaeli aling'oa mbao za chini, akapiga lipu, akapaka. Chumba kikafunguka. Petronila anasema kweli kilipendeza, mwanga uliingia ukafika hadi kwenye kona ambazo hazikuwahi kuuona. Ijumaa mchana vipande kumi vya mkanda vilikuwa vimelazwa juu ya magazeti verandani, vimepakwa krimu, vinakauka. Valeria aliwahi kurudi toka shule. Alikuwa na furaha, akachemsha chai, akatia sukari ya kweli aliyoificha kwa ajili ya sherehe, akamiminia Rafaeli kikombe, na kitu ambacho hakijawahi kutokea, akamiminia na Petronila.

"Kaa, Petro, unywe na watu," alisema.

Petronila akakaa. Rafaeli alikuwa amegeuza kipande kimoja, anapitisha kidole kwenye mikato ya patasi.

"Alama za mzee," alisema. "Nilikuwa nashika taa wakati anazikata. Sijui kwa nini sikuzipiga randa."

Na mdogo wangu, kikombe mkononi, akataka naye aonekane ana la kusema. "Msizipige randa! Babu huzisoma kwa vidole. Ndivyo anavyojua mlango. Moja, mbili, tatu, mlango."

Valeria aliweka kikombe chini. "Kumbe anasoma hizo? Mimi nilidhani anahesabu hatua."

"Hatua zinalingana pande zote, mama. Bila alama hajui yuko upande gani."

Petronila anasema aliona jambo likipita toka uso wa Valeria likaenda uso wa Rafaeli, kama mtu anavyompa mwenzake kiberiti. Rafaeli akaanza kucheka polepole.

"Mwalimu. Tatu ikikaa kwenye ukuta wa stoo?"

"Ataingia stoo."

"Mbele ya wageni."

"Ataomba mkono," alisema Valeria. "Nataka nimsikie anaomba mkono. Mara moja tu, watu wakiwepo. Halafu Jumatatu unazirudisha, si ndiyo?"

"Jumatatu nazirudisha."

"Petro," Valeria alisema, "ongeza sukari."

"Nikaongeza, dada," Petronila aliniambia. "Vijiko viwili."

Jumamosi jioni alimpelekea mzee uji bandani. Mzee aliunywa nusu, akauliza, "Mkanda umepigiliwa?"

"Umepigiliwa, babu."

"Na alama zimerudi?"

"Zimerudi zote."

"Wewe umezishika?"

"Nimezishika."

Mzee akamtafuta kichwa kwa kiganja, akampapasa. Alikuwa hajawahi kumfanyia hivyo. "Basi kesho nitavaa koti," alisema.

Jumapili waliporudi kanisani walikuwa watu kama arobaini. Walimu, wazee wa jumuiya, watu wa ofisi ya shamba, ndugu wa Valeria kutoka Mbulu. Walisifu ukuta, wakaugusa, wakauliza rangi imepatikana wapi. Keki ya Imelda ilikuwa stoo, juu ya kigoda, imefunikwa kitambaa cheupe, maana stoo ndiko kulikokuwa na ubaridi. Soda na masinia ya pilau nayo yalikuwa huko.

Mpiga picha alitoka Karatu mjini. Aliwapanga familia katikati ya sebule. "Mzee, geuka huku. Kidogo tena. Simama hapa, bibi harusi mdogo akae mbele yako. Sasa geukeni dirishani." Wakageuzwa mara nne, mara tano. Picha zilipoisha, Rafaeli alimshika mzee kiwiko.

"Shikamoo, fundi mkuu. Njoo nikukalishe."

"Rafaeli. Nyundo yako nimeisikia. Bado unapiga kama mwanamke anayetwanga."

"Nimejitahidi hivyo hivyo, mzee." Akampeleka kwenye kona ya stoo, akamkalisha kwenye kiti chake, kilichokuwa kimehamishwa tangu asubuhi. Mzee alipapasa mikono ya kiti, akaijua. Akapeleka kidole nyuma yake, chini ya mkanda. Moja. Akatulia.

Alikula, akanywa soda mbili. Alimwuliza mwalimu mkuu kama mkewe bado anasoma. Kisha akainua kidole, akakipitisha juu ya mkanda mpya, chumba kikamtazama.

"Leo hakuna vumbi," alisema. "Rangi haijakauka vizuri, ndiyo maana. Ikikauka, vumbi litarudi kwa mwenyewe."

Watu wakacheka tena. Valeria alimtazama Rafaeli.

Baada ya muda mzee akainuka. Hakusema anakwenda wapi, hakusema kwa miaka mingi. Alinyoosha koti, akapeleka vidole chini ya mkanda. Moja. Alitembea wima, taratibu, kama mtu anayepita mbele ya askofu. Mbili. Imelda alitaka kumwambia kitu, mama yake akamvuta mkono. Tatu. Akashika kitasa, akafungua, akashuka ngazi moja, akafunga mlango nyuma yake kwa adabu.

Rafaeli alisogea na sahani yake ya pilau, akaegemeza mgongo kwenye mlango wa stoo, akaendelea kula.

Mwanzoni hakikusikika kitu. Mzee alikuwa anatafuta waya. Kisha chupa moja ya soda ilianguka, ikabingirika. Kisha sinia. Wageni wakaanza kutazamana. "Kuna nani humo?" mtu akauliza, na Rafaeli, mdomo umejaa, akasema, "Panya," na wale waliomwona mzee akiingia wakaanza kuziba midomo.

Kitasa kikazunguka. Rafaeli akakaza mgongo. Mzee alisukuma mara moja, akaacha. Akagonga kwa kidole kimoja.

"Petronila," alisema.

Petronila alikuwa amesimama hatua nne toka mlangoni, ameshika sinia la bilauri. Hakusogea.

"Petronila. Mlango umekaza."

Wengine waliinamisha macho kwa aibu, wengine wakangoja. Sauti iliyofuata ilikuwa ndogo, kama si ya mtu yule.

"Jamani. Nishikeni mkono."

Valeria alisogea karibu na mlango. Akasema kwa sauti ya darasani, "Nani anaita? Sema kwa nguvu, hatusikii."

"Ni mimi. Nishikeni mkono, nimebanwa."

"Mimi nani?"

"Alfonsi."

"Sema vizuri. Alfonsi anaomba nini?"

"Anaomba mkono, mwalimu."

Ndipo Valeria akampa Rafaeli ishara, na mlango ukafunguliwa. Lakini alichelewa. Mzee alikuwa ameshamaliza subira yake. Alikuwa amejitafutia kona kwa kupapasa, kama mtu mwenye haya anavyofanya, akageukia ukuta, na kona aliyoipata ilikuwa ile yenye kigoda. Kitambaa cheupe kilikuwa kimelowa, keki imelowa, na yeye bado hajamaliza, hawezi kukata, mlango wazi na watu arobaini wanamwona mgongo.

"Aayo, mama yangu!" alilia mama mmoja, akafunika macho ya mtoto wake.

Wa kwanza kucheka hakuwa Rafaeli. Alikuwa Marseli. Petronila anasema labda ilikuwa aibu, watu wengine aibu huwatoka kwa kicheko. Lakini alicheka, kicheko kirefu cha juu, alichokuwa nacho tangu utotoni, na baba yake alikijua. Mzee aligeuza kichwa kuelekea kicheko kile, suruali bado wazi, akakisikiliza hadi kilipokwisha. Halafu wengine wote wakacheka, maana mwenye nyumba amecheka.

Mzee alifunga vifungo. Akapanda ngazi. Akapeleka mkono chini ya mkanda, akashika kile kipande cha tatu, safari hii si alama tu, akakipapasa chote, kuanzia mwisho hadi mwisho.

"Hiki kina fundo la tawi hapa," alisema. "Kipande cha veranda. Nilikichagua mwenyewe." Akakiachia. "Rafaeli, hakuna hata mahali palipopungua. Umejifunza kupima."

Wageni waliondoka mapema. Hakuna aliyekula keki.

Jua lilikuwa bado juu ya mikaratusi walipobaki wenyewe. Rafaeli alikuwa ameshatoweka. Marseli alisimama mbele ya baba yake, mikono nyuma.

"Baba, kesho asubuhi vipande vinarudi mahali pake. Nitasimamia mwenyewe."

"Viacheni. Wageni wamevisifu."

"Baba..."

"Nilisema siku nitakayoongozwa mnichimbie shimo. Naona hamkuchimba, mlikuwa na kazi ya kupaka rangi. Basi niongozeni."

"Petronila atakuongoza, baba. Kila saa."

"Petronila aliniambia zimerudi, akaniambia amezishika," alisema mzee, bila hasira, kama anayetaja bei ya misumari. "Sitaki mkono wake. Nataka wa mwalimu."

Valeria alisema anafundisha, hawezi. Mzee akasema hana haraka. Akamwomba Marseli amsogezee kigoda verandani, upande wa mashariki, akakitumie kesho jua likichomoza.

Nyinyi vijana labda hamjui. Kwetu Wairaqw, mzazi akikaa nje alfajiri, akalielekea jua, akataja jina la mtoto wake na kulisema neno, neno hilo halina dawa. Marseli alikuwa na kadi ya chama na rozari mfukoni, lakini aliposikia kigoda na mashariki alianguka magoti.

"Atakuongoza, baba. Mke wangu atakuongoza."

"Na shule?" Valeria aliuliza.

"Utaomba ruhusa."

"Hadi lini, Baba Imelda?"

Marseli hakumtazama. Alikwenda stoo akarudi na kamba ya katani, ile iliyofungia mifuko ya saruji. Mzee mwenyewe alipima, mikono miwili na nusu, akakata kwa kisu chake, wala hakukosea. Ncha moja akaifunga kwenye mkono wake. Nyingine akainyoosha mbele, akangoja. Na mume ndiye aliyeshika mkono wa mke wake na kuufunga.

Kamba ile ilikaa miaka miwili, hadi mzee alipozikwa. Valeria hakurudi darasani. Alitembea naye chooni, kanisani, hadi mnadani tarehe saba, watu wakitazama. Lakini hayo ni ya baadaye. Petronila alitaka niandike usiku ule wa kwanza, tu.

Mzee alikataa chumba chake. Alitandikiwa godoro sebuleni, chini ya mkanda wa krimu, na Valeria akakaa kwenye kiti, nguo za sherehe bado mwilini. Taa ilipozimwa kamba ilivutwa. Valeria akainuka, akampeleka, akarudi naye. Muda kidogo ikavutwa tena. Akainuka.

"Unataka kutoka, baba?"

"Hapana. Nilitaka kujua kama upo, mwalimu."

Ilivutwa mara saba. Petronila alihesabu toka kwenye mkeka wake, kizingitini. Mara ya saba Valeria alikuwa analia, na mzee akasema, "Lia kwa nguvu, hatusikii." Kisha akageukia ukuta, na punde akaanza kukoroma. Chumbani Marseli alikuwa amelala zamani. Valeria alikaa na macho wazi, mkono mbele, kama anayeomba kitu dukani, hadi kichwa kikamwangukia kifuani, na yeye akalala.

Ndipo mdogo wangu akainuka. Alitembea kwa vidole vya miguu hadi ukuta wa stoo, akapitisha mkono chini ya mkanda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzishika. Moja, mbili, tatu, mlango. Rangi ilikuwa bado inanata kidogo.

"Halafu ukafanya nini?" nilimwuliza.

Alikuwa anapepeta, hakuinua uso.

"Nikarudi kwenye mkeka, dada. Nikajifunika. Nikasema sitapata usingizi," alisema. "Nikalala fofofo."